Sahani ya Mchana Chini ya Kilima cha Wazo

Mgeni aliyefikia kwenye hoteli za ufukweni za Kunduchi au Bahari Beach, jijini Dar es Salaam, atakula vizuri na atalipa sana. Akitaka kula vizuri kwa bei ya kawaida, avuke Barabara ya Bagamoyo aingie Tegeta na kata ya Wazo, wanakokula watu wanaomtandikia kitanda na kumfagilia ufukwe. Huko atakuta chakula kizuri sana. Ila hakuna kibao wala orodha ya bei ukutani, na kukipata kunataka kujua desturi za watu wa pale.

Ipo miji ambako chakula cha bei rahisi kilitafutwa ndani ya kasino yenyewe. Kule Las Vegas, Marekani, hoteli ya El Rancho Vegas iliyofunguliwa mwaka 1941 ilikuja kuweka meza ya kujipakulia kwa dola 1, ili mcheza kamari asitoke nje kufuata mlo. Sahani ilikuwa chambo. Kasino za Dar es Salaam ziko Masaki na kule mjini, mbali na Wazo. Kilichofika Tegeta ni maduka ya kubeti na mashine za dubwi, ambazo hazimlishi mtu. Anayelisha mtaa ni mama lishe, na yeye na anayemuuzia wanaishi uchochoro mmoja, wanazikana na kuozeshana. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ubora wa chakula chake: akikuuzia samaki aliyechacha leo, kesho mtaonana msibani.

Desturi hii ya kula kwa mama lishe imekua pamoja na kazi za eneo lenyewe. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza uzalishaji mwaka 1966, na mawe yake ya chokaa yanachimbwa palepale kilimani. Malori huja kupakia, na dereva na utingo wake wakingoja zamu lazima wale. Upande wa Kunduchi kuna machimbo ya kokoto, na ufukweni kuna wavuvi. Ongeza mafundi ujenzi wa Salasala na Madale, makondakta na vijana wa bodaboda, utaona kwa nini sufuria za Tegeta hazipoi. Watu hawa wanafanya kazi za sulubu. Sahani isiyoshibisha hawairudii.

Wali wenyewe una siri yake, nayo iko kwenye mfuniko. Maji na tui yakikauka, mama hupunguza moto chini, kisha huchota makaa machache kwa koleo na kuyapanga juu ya mfuniko. Huko ndiko kupalia. Punje zinaiva taratibu kutoka pande zote mbili, zinaachana, na chini panabaki ukoko wa kahawia unaonukia nazi. Sufuria ikifunguliwa sahani hujazwa kwa mpangilio ule ule: wali katikati, maharage pembeni, mchicha au matembele upande wa pili, kibua wa kukaanga juu, na mwisho kipande cha tikiti au ndizi mbivu. Kwa wali maharage buku mbili inatosha. Samaki au nyama inapandisha bei kidogo. Ukoko hauuzwi. Anapewa anayeujua, au mtoto aliyetumwa dukani.

Mgeni asiyejua aanzie wapi atazame pikipiki zilizoegeshwa, na atazame saa. Wali hushuka jikoni kama saa sita mchana. Kibanda kizuri saa nane kinaosha vyombo, kwa sababu mama hupika kiasi cha wateja anaowajua. Ukikuta sufuria imejaa saa kumi jioni, pita. Na Ijumaa ni siku ya pilau, hata kwa wasioswali. Atakayechelewa siku hiyo atakula ugali.

Ukifika, salamu kwanza. Mama ni "mama" hata kama umemzidi umri, na yeye atakuita "kaka", "anko" au "mwanangu" kadiri anavyokuona. Unanawa kwenye ndoo yenye bomba, unakaa kwenye benchi bila kuchagua jirani. Aliyeanza kula atakwambia "karibu", nawe utajibu "starehe" au "ahsante, endelea". Kukaa kimya ni utovu wa adabu. Mkono ni wa kulia. Mchuzi ukiisha unaomba nyongeza, na nyongeza ya mchuzi au maharage hailipiwi. Nyama hailetewi nyongeza, na muungwana haiombi.

Kisha kuna daftari. Fundi ambaye bosi wake hajalipa hula mpaka Jumamosi, jina lake likiandikwa kwa kalamu ya wino kando ya idadi ya sahani. Ninaliheshimu sana daftari hili. Hakuna dhamana wala fomu, na anayekopesha mara nyingi mtaji wake wote ni gunia la mchele na debe la mafuta. Anayekimbia deni hakimbilii mbali, maana kibanda cha jirani kitajua kabla ya jioni.

Mwezi wa Ramadhani mchana vibanda vingi hufungwa, vingine huzungushiwa turubai au khanga kwa heshima ya waliofunga, na wasiofunga hula ndani bila kelele. Jioni meza hutoka tena zikiwa na uji, tambi, mihogo na magimbi ya nazi. Miezi mingine usiku ni wa chipsi mayai, mishkaki na supu ya pweza.

Maisha ya mama lishe hayajawahi kuwa mepesi. Desemba 2018 vilianza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, wengi wakapumua. Mwaka 2021 wafanyabiashara wa kando ya barabara jijini wakahamishwa, na aliyehamishwa mbali na wateja wake alipoteza pia madeni ya daftarini. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Lengo hilo ni jema: moshi unaharibu macho na vifua vya wanawake hawa. Lakini mama ninayekula kwake anapikia maharage na mchuzi kwenye gesi, na jiko moja la mkaa amelibakiza kwa ajili ya kupalia wali. Mtungi mdogo haumfikishi mwisho wa wiki, na ukiisha Alhamisi hana pesa ya kujaza kabla ya watu wa Jumamosi kulipa. Anayepanga bei ya kujaza gesi aje ale hapa Alhamisi moja, aone sahani ya buku mbili inabakiza nini.