Picha Hii ni ya Nani?

Oktoba 2017, Chuo Kikuu cha Howard jijini Washington kilikuwa kwenye sherehe zake za kila mwaka za kuwakaribisha wahitimu wa zamani. Mpiga picha mmoja akamsimamisha binti mrefu, mweusi, wa miaka 19, akampiga picha na kuiweka Instagram. Binti huyo, Anok Yai, alizaliwa Cairo kwa wazazi kutoka Sudan Kusini, akakulia Marekani, na siku hiyo alikuwa mgeni tu pale Howard. Yeye alikuwa akisomea biokemia chuo kingine. Picha ilisambaa, na haukupita muda mawakala wa mitindo wakawa wanamtafuta. Februari 2018 alifungua onyesho la Prada mjini Milan. Tangu Naomi Campbell alipofanya hivyo mwaka 1997, hakuna mwanamitindo mweusi mwingine aliyekuwa amepewa nafasi hiyo.

Vijana wetu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaijua habari hii, na wengi wameielewa hivi: posti picha nzuri, kisha subiri. Ukiipekua kidogo utaona inafundisha jambo jingine. Ukurasa ule haukuwa wa Anok; ulikuwa wa mpiga picha aliyekuwa na watazamaji wake tayari. Picha ilipigwa mchana, nje, uso na umbo vikionekana wazi. Aliyeiona akiwa ofisini kwa wakala hakuhitaji kubahatisha chochote. Na kati ya picha na jukwaa la Milan kulikuwa na miezi minne ya kazi isiyoonekana mtandaoni: mkataba, vipimo, mafunzo ya kutembea, usaili.

Zamani njia zilikuwa nyingine. Mwanamitindo Alek Wek alionwa kwenye soko la wazi kusini mwa London mwaka 1995. Kwetu mlango mkubwa ulikuwa mashindano ya urembo: Millen Magese alitwaa taji la Miss Tanzania mwaka 2001 kabla ya kwenda kufanya kazi nje, na Flaviana Matata, akiwa amenyoa kipara, aliingia kumi bora ya Miss Universe huko Mexico mwaka 2007, miaka mitatu kabla Instagram haijazaliwa. Mlango wa sasa ni mpana zaidi, lakini upana huo una gharama yake. Mwaka 2014 mbunifu wa mavazi Marc Jacobs alipotangaza kwamba angewatafuta watu wa tangazo lake kupitia mitandao ya kijamii, watu wapatao 70,000 walijitokeza. Waliochukuliwa walikuwa 9.

Katika msongamano huo kosa linalorudiwa zaidi ni la kutojua picha ni ya nani, yaani imepigwa ili itazamwe na nani. Ukurasa wa mwanamitindo una watazamaji wa aina mbili wanaotaka vitu vinavyopingana. Wafuasi wanataka urembo uliokamilika: kope, wigi, gauni, mwanga wa jioni kule Coco Beach. Wakala na mwandaaji wa maonyesho wanataka kuona kile ambacho wao watakirembesha. Kwao uso uliokwisha kupakwa kila kitu ni kama kitambaa kilichokwisha kushonwa; fundi mwenye mshono wake hawezi kukitumia. Ndiyo maana msichana mwenye wafuasi laki moja anaweza kukaa miaka miwili bila kupigiwa simu na wakala hata mmoja, huku mwenye wafuasi mia tisa akiitwa.

Picha anazozitaka wakala huitwa polaroidi, jina lililobaki tangu enzi za kamera zile zilizotoa picha papo hapo. Ni picha za kawaida kabisa: vesti na jinzi ya kubana, nywele zimebanwa nyuma au zimeachwa fupi, uso bila vipodozi. Moja ya mbele, moja ya ubavuni, moja ya mgongoni, moja ya uso kwa karibu, moja ukitabasamu na moja bila kutabasamu. Pamoja nazo kuwe na video fupi ukitembea kuelekea kamera na kurudi. Gharama yake ni sifuri, na bado wengi hawana, kwa sababu wanaziona hazipendezi.

Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona picha nyingi za vijana wazuri zikiharibiwa na simu. Ukijipiga selfi karibu, kamera inakuza kilicho mbele yake zaidi: pua inapanuka, masikio yanarudi nyuma, na uso unaotumwa si wako. Mwombe dada au rafiki asimame hatua tatu au nne mbali, atumie kamera ya nyuma ya simu, aishike usawa wa kifua chako. Ukuta mweupe sana ni adui wa ngozi nyeusi, kwa kuwa simu hupima mwanga wa ukuta, ikaona pamezidi kung'aa, ikapunguza, na wewe ukabaki kivuli. Tafuta ukuta wa kijivu au rangi iliyopoa, simama ukitazama dirisha asubuhi, kisha mpiga picha aguse uso wako kwenye kioo cha simu ili kipimo kifuate ngozi na si ukuta. Zima filta zote, hasa zile zinazong'arisha. Simu nyingi hulainisha ngozi bila kuulizwa, na mipangilio hiyo huzimwa ndani ya kamera yenyewe. Mwisho, usitume picha hizo kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, maana inazibana na kuzipunguzia ubora. Zitume kama faili, au kwa baruapepe.

Ukurasa wenyewe hauhitaji maneno mengi. Jina unalotaka kujulikana nalo, mji unaoishi, urefu kwa sentimita, baruapepe. Vipimo viwe vya kweli. Kwa maonyesho ya jukwaani wakala wa nje kwa kawaida hutafuta wanawake wa sentimita 175 kwenda juu na wanaume wa 185 hivi, na mwenye 168 akiandika 175 atagundulika siku ya kwanza, mlangoni, baada ya kulipa nauli. Huyo wa 168 ana soko lake kubwa tu: matangazo ya sabuni, ya benki, ya mitandao ya simu, ya nguo za maduka. Hayo ndiyo yanayowalisha wanamitindo wengi wa Afrika Mashariki, na mteja wa matangazo hayo huangalia pia idadi ya wafuasi. Basi wote wawili, wakala na mfuasi, wanaweza kukaa ukurasa mmoja, mradi polaroidi ziwe mahali zinapoonekana haraka. Chini ya kila picha mtaje mpiga picha, mbunifu na msusi. Wao nao watakutaja, na kazi nyingi za mjini huanzia hapo, kwa mtu aliyekuja kumtazama mbunifu akakuona wewe.

Swali la kichwa cha makala hii lina maana ya pili, na hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi. Picha ikishatoka, ni mali ya nani?

Tuseme binti ameitwa na duka la nguo linalouzia Instagram. Anavaa magauni ishirini mchana mmoja, analipwa fedha kidogo pamoja na gauni moja, anaondoka amefurahi. Miezi sita baadaye picha zile ziko kwenye kurasa za wauzaji wengine ambao hawajui hata jina lake, ziko kwenye bango la saluni, ziko kwenye mifuko ya plastiki. Kwa kawaida hakimiliki ya picha haimfuati aliyepigwa; humwendea mpiga picha au aliyeagiza kazi, kutegemea makubaliano. Alichonacho mwanamitindo ni ridhaa yake, na ridhaa isiyoandikwa haina mipaka ambayo mtu anaweza kuionyesha. Kwa hiyo kabla ya kuvaa gauni la kwanza, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, yaandikwe mambo matatu: picha zitatumika wapi, kwa muda gani, na nani mwingine anaruhusiwa kuzitumia. Mwenye duka akisema hayo ni makuu, amekujulisha mapema atakavyozitumia.

Sheria zimeanza kusimama upande wa mwenye sura. Desemba 2022 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza kampuni moja ya simu faini ya shilingi milioni 5 kwa suala la picha ya mtu iliyotumika Instagram bila ridhaa yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ni wanamitindo wachache wanaojua kwamba sheria hizi zinawahusu.

Kwa upande wa mawakala, kanuni ya kwanza ni rahisi: wakala wa kweli hula baada yako. Anachukua sehemu ya malipo, mara nyingi asilimia 20, pale kazi inapopatikana. Anayekuandikia inboksi akitaka ada ya usajili, ada ya picha au ada ya viza kabla ya chochote, anauza ndoto. Usimjibu kupitia akaunti aliyokuandikia. Tafuta tovuti ya kampuni anayodai kuiwakilisha, andika kwenye anwani iliyo pale, uulize kama wanamfahamu. Na hakuna usaili halali unaohitaji picha za utupu.

Lakini hata wakala halali ana daftari lake. Tiketi, viza, chumba cha kulala Paris, picha za majaribio, nauli ya kila siku: vyote hivyo mara nyingi ni mkopo unaoandikwa kwa jina la mwanamitindo, ukisubiri kukatwa kwenye kazi ambazo huenda zisije. Mwaka 2023 gazeti la The Sunday Times la Uingereza liliandika habari za vijana wakimbizi kutoka kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, waliopelekwa Ulaya kujaribu bahati katika mitindo na kurudishwa kambini wakiwa na madeni. Mtu asiye na kitu alirudi akiwa na pungufu ya kutokuwa na kitu. Kabla ya kutia sahihi, uliza: nikikosa kazi, deni hili ni la nani? Jibu litafutwe ndani ya mkataba wenyewe, na msomaji wake awe mtu anayeijua lugha ya mkataba huo.

Sasa limeingia jambo jipya linalofanya ridhaa iwe nzito zaidi. Machi 2025 kampuni ya mavazi ya H&M ilitangaza mpango wa kutengeneza kwa akili mnemba pacha wa kidijitali wa wanamitindo 30, huku wanamitindo wenyewe wakibaki na haki juu ya pacha wao. Juni 2025, jimbo la New York likaanza kutumia sheria inayodai ridhaa ya wazi ya maandishi kabla sura ya mwanamitindo haijatumika hivyo, na inayozuia wakala kukata zaidi ya asilimia 20. Kwetu bado mikataba mingi inasema tu kwamba picha zitatumika "kwa matumizi yoyote". Maneno hayo mawili ya mwisho yalikuwa mabaya jana. Leo yanaweza kumaanisha kwamba sura yako itavaa nguo usizowahi kuzivaa. Yakatwe kwa kalamu, mbele ya mteja.

Kakuma hiyohiyo ndipo alipozaliwa Halima Aden, Msomali anayezungumza Kiswahili, aliyepanda majukwaa makubwa akiwa na hijabu. Novemba 2020 aliamua kuacha, na aliitangazia dunia kupitia Instagram. Hakuandika tamko moja la jumla. Alizirudia picha zake mwenyewe, akieleza ni zipi anajuta kuzikubali, mojawapo ikiwa ile aliyofungwa suruali ya jinzi kichwani mahali pa hijabu. Alikuwa ameshalipwa na tangazo lilikuwa limeshapita, ila picha ilikuwa ingali inapatikana kwa yeyote mwenye simu, na maelezo yake yakawekwa hapo, juu yake.