Mtandamboo uani: angalia miiba kwanza

Vichaka vya Sambucus, vinavyopandwa Ulaya na Marekani kwa matunda meusi ya sharubati na dawa za mafua, hupenda ubaridi na udongo usiokauka. Huku kwetu Kasoli hayo hayapo. Kuanzia Juni mvua hukatika, na ardhi ya mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, hupasuka nyufa za kumeza kisigino. Mwenye hamu ya matunda meusi uani asisumbuke kuagiza mbegu ng'ambo. Apande mtandamboo, ambao wataalamu huuita Carissa spinarum. Huota wenyewe vichakani na kwenye vichuguu, na watoto wachungaji wanaujua vizuri.

Tunda lake lina upana wa kama sentimita 1. Huanza kijani, huwa jekundu, kisha hukoza hadi weusi wa zambarau, na hapo huliwa zima pamoja na mbegu.

Ila kabla ya kuchuma, hakikisha ndio wenyewe. Mtandamboo una ndugu hatari, msunguti, nao pia una utomvu mweupe, maua meupe yanayonukia, majani yanayoota mawili mawili yakitazamana, na matunda meusi vilevile. Magome na mizizi ya msunguti ndiyo Wakamba na Wagiriama waliyochemsha kupata sumu ya mishale, sumu inayosimamisha moyo. Yupo hata panya mkubwa wa manyoya marefu, wa huku huku Afrika Mashariki, anayetafuna magome hayo na kujipaka mbavuni. Mbwa anayemng'ata anaweza kufa. Tofauti ya mimea hii miwili iko kwenye miiba: mtandamboo una miiba mirefu iliyonyooka, msunguti hauna hata mmoja. Tawi lisilo na miiba liache, hata aliyekuonyesha akiapa.

Mbegu za mtandamboo hazivumilii kuwekwa muda mrefu. Kamua matunda yaliyoiva, osha mbegu, uzipande mapema kwenye viriba vyenye mchanga na samadi iliyooza. Miche hukua taratibu, basi usiharakishe. Ihamishie ardhini mvua za Novemba au Desemba zikishika, ili mizizi iwe imeshuka kabla ya kiangazi. Kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, chimba shimo tu. Kwenye mbuga inua tuta, maana maji yakituama mizizi huoza. Adui mkubwa ni mbuzi: majani machanga huyala kabla miiba haijakomaa, hivyo zungushia matawi ya miiba, au panda ndani ya ua wa minyaa ulio nao tayari.

Wengi hukosea kwenye kupogoa. Maua hutoka kwenye ncha za matawi, kwa hiyo anayenyoa ua wake wa mtandamboo kila mara hukata na matunda. Upande wa njia kata upate ukuta wa kuzuia ng'ombe. Upande wa ndani uache ujitanue, uupunguze mara moja tu, baada ya kuvuna.