Kopo Lenye Mvua Yake

Mwalimu mmoja wa Lingeka, wilayani Meatu, alinijia amebeba kopo la kioo lililofungwa mfuniko, ndani yake majani meusi yaliyolainika kama mlenda. Alilinunua Mwanza likiwa bustani kamili: makangaga mawili, vijiwe vyeupe, na zulia la vimea vile vya kijani vinavyoota kwenye mawe yenye unyevu. Lilidumu wiki tatu. "Nimekosea wapi, mtaalamu? Nililimwagilia kila asubuhi, na nikaliweka dirishani lisikose jua." Nikamwambia amekwisha kujijibu.

Sisi tuliokulia Simiyu tumelelewa na ukame. Mmea ukilegea tu, mkono unakimbilia ndoo. Bustani ya kioo, ambayo kitaalamu huitwa terariamu, huuawa na mkono huohuo. Ukishaifunga, maji uliyotia siku ya kwanza hayana pa kwenda. Joto la mchana huyapandisha kutoka kwenye udongo na majani yakiwa mvuke. Mvuke ukigusa kioo kilichopoa hugeuka matone, na matone hutiririka kurudi kwenye mizizi. Ni mvua kama hii yetu, ila mawingu yake hayachukuliwi na upepo kwenda kunyesha kwa jirani.

Aliyeigundua njia hii hakuwa akitafuta bustani. Mwaka 1829 huko London, daktari Nathaniel Ward alifukia pupa wa nondo kwenye udongo ndani ya chupa, akaifunga, akasubiri nondo atoke. Badala yake akaona kangaga limechipua. Nje, moshi wa makaa ya mawe ulikuwa ukimwulia makangaga yake yote. Humo chupani moshi haukufika. Mwaka 1833 alipakia mimea melini kwenda Sydney ndani ya masanduku ya kioo, nayo ikafika hai baada ya miezi ya maji ya chumvi. Tangu hapo masanduku yake yalivusha mimea ya biashara kutoka bara hadi bara, na ramani ya mashamba ya wakoloni ikabadilika.

Nasi tumo katika hadithi ya mimea iliyosafirishwa. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alikuta kwenye milima ya Usambara, mkoani Tanga, ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, akalipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani, na wengi wanaolimwagilia huko hawajui hata kama kuna mahali paitwapo Tanga. Hupandwa pia ndani ya vioo, lakini kwa ua hili ningechagua chombo chenye mdomo mpana, kilicho wazi. Manyoya yale hushika maji, na jani likikaa limelowa huoza.

Turudi Lingeka. Amani, kule Usambara, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka; wilaya ya Meatu mara nyingi haifiki nusu yake. Kangaga linalopenda unyevu haliwezi kuishi nje kwetu, ila ndani ya kopo lililofungwa linaweza. Adui yake kwetu ni joto. Kioo hupitisha mwanga na kuzuia joto lisitoke, kwa hiyo kopo lililopigwa na jua la saa tisa mchana ni chungu kilicho jikoni. Dirisha la mwalimu lilitazama magharibi. Dirisha la mashariki ni afadhali, na kopo likae hatua mbili ndani ya chumba, lipate mwanga bila kuchomwa. Na kama nyumba haina dari, usiliweke juu ya kabati. Bati la Oktoba hupika kila kilicho chini yake.

Kuhusu udongo, acha ule mweusi wa mbuga. Kila mkulima wa pamba anaujua: ukilowa hunata, ukikauka hupasuka. Chukua luseni, udongo wetu wa kichanga, uchanganye na majani yaliyooza kabisa chini ya mwembe. Samadi usitie, italeta kuvu. Wengi huweka kokoto chini wakidhani zinakausha udongo. Hazikaushi, kwa sababu kopo halina tundu. Faida yake ni kukuonyesha. Ukiona dimbwi kati ya kokoto, umezidisha maji. Wengine huapa kwa tabaka la mkaa. Sibishani nao, mradi usiwe umewahi kuwashwa kwa mafuta ya taa.

Maji yenyewe ndiyo jambo linalosahaulika. Visima vingi vya Meatu vina chumvi na madini ya floridi. Shambani, mvua huisukuma chumvi ikashuka chini. Koponi haina njia, kila kijiko kinaongeza juu ya kilichopita, hadi ncha za majani ziungue. Tumia maji ya mvua, na uache manyunyu ya kwanza yaoshe vumbi la bati kabla hujakinga.

Kwa kopo la lita moja, vijiko vichache vya chakula vinatosha kuanzia. Baada ya hapo soma kioo. Umande upande mmoja asubuhi, ukikauka kufikia saa sita, mambo ni mazuri. Ukungu ukishinda kutwa, fungua mfuniko. Wiki nzima bila umande, ongeza kijiko kimoja. Mwingereza David Latimer alisimulia kwamba alipanda chupa yake mwaka 1960 na kuimwagilia mara ya mwisho mwaka 1972.

Asiye na subira hiyo apande mshubiri au mkonge mwitu kwenye bakuli la wazi lenye mchanga mwingi. Hiyo ndiyo mimea ya nyumbani kwetu, na usiifungie mfuniko kamwe.

Mwalimu alianza upya kwa kopo la asali. Wiki ya kwanza alinipigia usiku, kioo kimejaa ukungu; akalifungua siku moja, likatulia. Juzi ameuliza kama anaweza kukata jani lililogusa mfuniko. Akate, kwa mkasi safi, na kipande akitoe nje kisiozee humo.