Maelezo iko ndani ya mashini yenyewe



Wengi wametuuliza sababu gani sisi wa darasa la mwisho tunaomba simu zibaki inje ya chumba cha ordinatere. Si ukali wa bure. Umeme tunao masaa mawili tu, na tuko watano kwa mashini moja. Juma lililopita tuliandika programu ya C ya kuhesabu pointi. Ikatoa 64.500000. Nani anataka zero hizo zote? Mwenzetu mmoja akatoka kutafuta jibu kwa simu: akanunua mega, akasoma na habari za mpira. Aliporudi, umeme umekwisha.

Kumbe jibu lilikuwa pale pale. Unix ilipata kitabu chake cha maelezo tangu 1971, kule Marekani, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Desturi ile ingali: Linux inabeba kurasa zake, zinaitwa man, na haziombi intaneti hata kidogo. Lakini zile za C zinapashwa kuwekwa kwanza. Kwa Debian ni manpages-dev.

Tukiwa tunaandika ndani ya Vim, tunafinya Esc, tunasimama juu ya neno printf, kisha 3 na K kubwa. Ukurasa unafunguka. Tukimaliza tunafinya q, mara ingine na Enter, na tuko tena kwa mstari ule ule tuliouacha. Ile 3 njo siri! K peke yake inaleta printf ingine, ile ya amri za terminali, na mutu anasoma anachanganyikiwa. Sehemu ya 3 ni ya C. Tena kwa klavie yetu ya Kifaransa, 3 inataka Shift. Ukisahau, ukurasa haufunguki.

Tukasoma: %f ikiachwa vile inatoa tarakimu 6 nyuma ya nukta. Tukaandika %.2f, ikatoka 64.50.

Wadogo wanaogopa Kiingereza. Kurasa nyingi zimefasiriwa kwa Kifaransa (manpages-fr), tumekwisha kuziomba kwa mwalimu. Kwa Python, K ile ile inaleta maelezo yake.

Vim ilitolewa 1991 na Bram Moolenaar, Muholanzi, aliyefariki 2023. Bei hakuomba, aliomba tu wanaoipenda wasaidie watoto wa Kibaale, Uganda, jirani zetu. Andikeni :help uganda, mtasoma wenyewe.

Daftari ya zamu iko kwa kapita. Simu, kwa mlango.