TEREMKA TUKAZE: Kitanda kilichochekwa, kumbe kilikuwa na akili!

Mpenzi msomaji, kabla hujaanza kunicheka na mada yangu ya leo, nijibu swali moja tu. Tangu uanze kujitegemea umehama vyumba vingapi? Na kila ulipohama, kitanda chako kilifika salama?

Mshikaji wangu mmoja (jina ninalo), mwalimu wa sekondari pale Bariadi mjini, amehama vyumba vinne ndani ya miaka mitano. Alianzia Malambo, akaenda Somanda, akarudi Malambo, sasa yuko Sima. Mshahara wake wa kwanza aliununulia kitanda cha tano kwa sita, mbao nzito, vanishi imepigwa mpaka unajiona sura. Fundi alileta vipande, akavigongea humo humo chumbani kwa misumari ya inchi nne, akapokea chake, akaondoka zake.

Kimbembe kikawa siku ya kuhama. Kitanda kikagoma kutoka mlangoni. Wakakigeuza ubavu, wapi! Wakakisimamisha, kikagonga dari. Mwenye mkokoteni anadai hela ya kusubirishwa, mama mwenye nyumba kasimama uani na funguo mkononi, na mpangaji mpya tayari kashusha masufuria yake mlangoni. Ikaletwa nyundo. Kilichokuwa kitanda kikawa rundo la mbao zilizopasuka ncha, na huko walikokwenda kikagongewa tena, misumari mipya pembeni ya matundu ya zamani. Uhamisho wa nne ulipofika, anasema mwenyewe, kwenye kona hapakuwa na mbao tena, palikuwa na matundu yaliyoshikana mikono.

Sasa wewe unavijua vyumba vyetu vya kupanga. Ukuta wa kati unaishia usawa wa kenchi, juu huko hewa ni ya wote. Chumba cha kwanza akipiga chafya, cha nne wanamwitikia. Kitanda cha mwalimu kikaanza kuimba. Kumbe jamaa anageuka tu usingizini, lakini jirani yake, mzee wa heshima zake, akawa anakohoa kila kitanda kinapolia. Asubuhi wanasalimiana "mwangaluka" huku wanatazama chini.

Jamaa akaoa. Mkewe alilala juu ya kitanda kile usiku mmoja tu. Usiku wa pili akashusha godoro sakafuni, akasema kwa upole, "Mume wangu, mimi sikuolewa nije nitangazwe mtaani."

Hapo ndipo mshikaji aliponijia.

MJI UNAOHAMA

Usidhani ni tatizo la mtu mmoja. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa za Shinyanga, Busega ikamegwa kutoka Mwanza, na Itilima ikazaliwa kutoka Bariadi. Ofisi zikafunguliwa, wafanyakazi wakamiminika, na wenye nyumba wakaongeza vyumba vya uani. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157 mkoani. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 2,140,497. Watu wote hao wanalala mahali. Na kijana wa mjini, awe karani, muuguzi, wakala wa pamba au muuza nguo za mitumba, halali mahali pamoja miaka kumi. Kodi inapanda, uhamisho unakuja, mwenye nyumba anaamka vibaya. Anahama.

Ila mafundi wetu wengi bado wanatengeneza kitanda kama kwamba kitakaa chumba kimoja mpaka mwenyewe azikwe.

BABU ALIKUWA NA JIBU

Nikamwuliza mshikaji, unakikumbuka kitanda cha teremka tukaze? Akacheka mpaka akakohoa. Nani hakijui! Matendegu manne, miti minne ya kuunganisha iliyochomekwa kwenye matundu ya matendegu, halafu kamba ya katani imesukwa kutoka huku hadi kule. Ukilala mwezi mmoja kamba inalegea, unajikuta katikati kama mtoto kwenye mbeleko. Ndipo mwenzako anakuambia, teremka tukaze. Unashuka, kamba inafunguliwa upande wa miguuni, inavutwa uzi kwa uzi, inafungwa tena. Usiku unalala juu kama kwenye meza.

Tulipokuja mjini tukakifanya tusi. Mtu akitaka kukuambia kwamba kwenu ni choka mbaya, anasema kwenu mnalalia teremka tukaze. Sisi tukataka kitanda cha duka, kichwa kimechongwa maua, hata kama kona zake ni za misumari.

Lakini hebu tafakari. Kitanda kile kilikiri jambo ambalo hiki cha vanishi hakitaki kukiri: kwamba kila kitanda hulegea. Aliyekibuni akaacha mahali pa kukazia. Tena unakifungua, miti unaifunga mzigo mmoja, kamba unaizungushia shingoni, unakwenda zako. Kikipata kunguni, kinatolewa nje juani, kinamwagiwa maji yanayochemka kwenye matundu, kinasukwa upya. Kunguni hupenda nyufa na maungio, na kitanda kilichogongewa misumari humfikii alipo. Unanunua dawa, unapulizia juu juu, naye yuko ndani anakusubiri uzime taa.

KWA NINI KINALEGEA?

Wengi wanadhani ni uzito. Si uzito peke yake, jamani. Mbao inapumua. Mvua za masika zikiwa zimekolea, inanyonya unyevu na kuvimba. Kikija kiangazi, ule ukavu wa Juni mpaka Septemba unaopasua midomo, inasinyaa. Na haisinyai sawasawa: urefu wake karibu haubadiliki, inapungua upana na unene. Msumari wa chuma hausinyai. Tundu linabaki na nafasi, kitanda kinatikisika, kila mtikisiko unalipanua tundu zaidi. Kelele unayoisikia usiku ni mbao mbili zilizolegea zinasuguana.

Bariadi ina ugonjwa wake wa ziada. Huku ni nchi ya pamba na ng'ombe, si nchi ya misitu ya mbao. Mbao nzuri inakuja na lori kutoka mbali, na mara nyingi inauzwa ikiwa bado mbichi kwa vile mnunuzi ana haraka, harusi iko Jumamosi. Kitanda cha mbao mbichi kilichotengenezwa Machi, ikifika Agosti kona zimeachana kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Kuna kosa jingine, na hili hata mafundi wazuri wanalifanya. Msumari au parafujo ukiupigilia kwenye ncha ya ubao, unaingia sambamba na nyuzi za mbao. Hapo haushiki sawasawa. Ni sawa na kuchomeka njiti kwenye mganda wa majani ya kuezekea, unaingia kirahisi na kutoka kirahisi. Na ubavu wa kitanda unaungwa na tendegu kwenye ncha hiyo hiyo!

TULIVYOKIFANYA

Tukamfuata fundi mmoja, mzee aliyewahi kutengeneza madawati na vitanda vya deka vya shule za bweni. Wale mliolala bweni mnavikumbuka vile vya chuma: bolti kila kona, likizo vinafunguliwa, muhula ukifunguliwa vinafungwa. (Na mnakumbuka wajanja walivyokuwa wanaiba nati za wenzao usiku. Tusiende huko.) Mzee akasema, akili ya deka inaingia kwenye mbao pia, ila mbao ina adabu zake.

Kwanza akagawa kitanda mafungu mawili: yale yasiyofunguliwa kamwe na yale yanayofunguliwa. Upande wa kichwani ni fremu moja, wa miguuni ni fremu nyingine. Hizo aliziunga kwa ulimi na tundu, akatia gundi, basi. Mlango wowote zinapita. Mbavu mbili ndefu ndizo za kufungua, na huko hakutia hata tone la gundi.

Kwenye kila ncha ya ubavu akachonga ulimi mfupi, kama inchi moja hivi, unaoingia kwenye tundu la tendegu. Nilidhani bolti ndiyo itakayobeba watu. Mzee akanisahihisha: "Mwanangu, ulimi unabeba, bolti inavuta." Yaani uzito wa mwalimu na mkewe unakaa juu ya mbao. Kazi ya bolti ni kuvuta tu, ubavu usichomoke. Ukiiacha bolti ibebe peke yake, itakula tundu lake polepole mpaka liwe yai.

Bolti zenyewe ni za inchi sita, mbili kila kona, moja juu ya ulimi na moja chini yake. Bolti inaingia kutokea nje ya tendegu, inapita, inazama kwenye ncha ya ubavu. Upande wa ndani wa ubavu, usioonekana, akachimba kwa patasi kishimo cha mraba, na humo nati inakaa na washa yake pana. Kishimo kinaibana nati isizunguke, kwa hiyo wewe unakaza kutoka nje kwa mkono mmoja. Washa ni muhimu kuliko unavyodhani. Bila hiyo nati inazama ndani ya mbao na kukaza kwako ni kazi bure. Na hapa ngoja nimtetee mzee dhidi ya wanaotaka mapambo: bolti zote nane ni za aina moja, za spana namba 13. Spana moja, kitanda kizima. Ukikosa 13, azima spana malaya kwa fundi baiskeli. Samahani kwa jina, ndivyo linavyoitwa dukani.

Bolti nane, nati na washa, zote zilitugharimu chini ya bei ya jogoo wa sokoni.

Chaga hakuzipigilia. Alizifunga kwa mikanda miwili ya turubai kama ngazi ya kamba, ukihama unazikunja kama mkeka. Chini katikati akapitisha mti mmoja kutoka kichwani hadi miguuni, wenye mguu wake unaogusa sakafu, maana chaga za futi tano bila egemeo la kati hupinda, na hapo ndipo godoro linapopata bonde. Mwisho akaandika namba kwa kalamu ya risasi kwenye kila ulimi na kila tundu, 1 na 1, 2 na 2. Ulimi uliochongwa kwa mkono una tundu lake moja tu duniani, ukiupeleka kwa jirani utalia.

Halafu akatoa kipande cha sabuni ya mche, akapaka kila ulimi kabla ya kufunga. Nikadhani ananitania. Kumbe sabuni, au mshumaa, inazuia ule msuguano unaopiga kelele.

Kukaza nako kuna utaratibu. Huanzi kona moja ukaimaliza. Unakaza kidogo kidogo kwa kuzunguka, kama nati za gurudumu la gari, mpaka zote zimeshika. Usitie nguvu za kugombana, utaiponda mbao. Mara moja kwa mwaka inatosha, kiangazi kikiwa kimekolea. Mzee kawapa wateja wake alama rahisi: pamba ikishauzwa, kaza kitanda.

SI SISI PEKE YETU

Usione tunababaisha. Mwaka 1922 Howard Carter alipofungua kaburi la Tutankhamun kule Misri, mfalme aliyekufa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, miongoni mwa mali zake kulikuwa na kitanda cha safari kinachokunjwa mara tatu kwa bawaba. Mfalme mzima! Na Waswidi wa kampuni ya IKEA, wanaouza samani ulimwenguni kote, walianza mtindo wa kuuza samani zilizofunguliwa miaka ya 1950, baada ya mfanyakazi wao kung'oa miguu ya meza ili iingie kwenye gari. Unafika nayo nyumbani kwenye boksi, unajifungia mwenyewe.

Tofauti ni kwamba nyingi za samani hizo za boksi, na zinazoiga mtindo huo madukani kwetu, ni za mbao za unga uliogandishwa kwa gundi. Ukizifunga mara ya kwanza, safi. Ukizifungua na kuzifunga mara tatu, skrubu inazunguka hewani. Kwa mtu anayehama kila mwaka, naona heri mbao halisi kavu na patasi ya mzee.

Mwezi wa saba mwalimu kapata uhamisho wa tano, safari hii mbali kidogo, Mwanhuzi, wilayani Meatu. Kitanda kilifunguliwa kwa muda wa kuchemsha chai. Fremu mbili, mbavu mbili, mti wa kati, chaga zimekunjwa, bolti kwenye kopo la maziwa. Mama mwenye nyumba alipokuja na funguo alikuta chumba kimeshafagiliwa.

Usiku wa saa nne simu ikalia. Mkewe ndiye aliyepiga.

"Shemeji, tumefika salama. Bolti zote nane zipo."

"Sasa shida nini?"

"Spana tumeiacha kwako. Na kaka yako kashaniambia niteremke."