Haki ya Mwana-ndoa Anayetishwa na Wakwe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, swali moja hutufikia mara kwa mara. Mwanamke ameolewa kwa ndoa sahihi, na mumewe hana ugomvi naye. Lakini mavyaa na mawifi humtukana, humtishia kumpiga, na humwambia kuwa atatolewa nyumbani na watoto wabaki. Pengine anayetishwa ni mume, na wanaomtisha ni mashemeji zake. Je, astahamili tu?

Twasema: subira si kuikubali dhuluma. Kuwatendea wema wazazi ni faradhi, lakini wema huo haumhalalishii mume kunyamaza mkewe akionewa. Katika Surat At-Talaq, aya ya 6, waume wameamrishwa kuwapa makazi wake waliowaacha, wala wasiwadhuru ili kuwatia dhiki. Ikiwa aliyeachwa ana haki hiyo, aliye ndani ya ndoa ana haki zaidi. Basi mke anayeudhiwa katika nyumba ya wakwe aweza kumtaka mumewe makazi ya amani, kwa kadiri ya uwezo wa mume. Na kwa kutaka hivyo hawi mke muasi.

Pili, kuna usuluhishi. Surat An-Nisaa, aya ya 35, imetufundisha kuweka mwamuzi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, mfarakano unapohofiwa baina yao. Lakini mwenye kutisha hawezi kuwa mwamuzi wa vitisho vyake mwenyewe. Na penye hatari ya kuumizwa, usalama hutangulia kikao.

Tatu, kuna sheria ya nchi. Hapa Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 170, imempa Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu walioridhia mahakama yake. Ama vitisho na vipigo ni makosa ya jinai. Hayo hupelekwa polisi na kwa hakimu. Tena Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 imeutaja waziwazi uingiliaji wa wakwe miongoni mwa aina za ukatili, pamoja na vitisho na maudhi. Mwenye kuonewa aweza kuiomba mahakama amri ya ulinzi, na mwenye kuivunja amri hiyo huadhibiwa. Kuomba ulinzi si kuomba talaka. Ndoa husimama palepale. Wala mawifi hawana mamlaka ya kunyang'anya watoto kwa nguvu: mzozo wa malezi huamuliwa mahakamani.

Basi anayetishwa aandike siku na maneno aliyoambiwa, ahifadhi ujumbe wa simu, na awakumbuke walioshuhudia. Akijeruhiwa, aende hospitali na aripoti polisi, apewe fomu ya P3 ijazwe na daktari.

Nanyi wazazi, mke wa mwanenu ni binti wa watu, amewekwa kwenu kwa amana. Mfanyieni yale ambayo mngependa binti yenu afanyiwe kwa watu.

Mwenyezi Mungu azitulize nyumba zetu, na atuepushe na dua ya aliyedhulumiwa. Amin.