Shahada Iliyovuka Mpaka, Nani Ameikagua?

Jumamosi moja baada ya sala ya jumuiya hapa Gongo la Mboto, mama mmoja alinivuta pembeni. "Frateri, wewe ni msomi, nisaidie." Binti yake amemaliza kidato cha sita, na wakala mmoja amemwahidi nafasi ya kusomea udaktari nje ya nchi. Ada ya mwaka wa kwanza itatokana na kuuza kiwanja cha familia kule Chanika. "Chuo chenyewe ni cha kimataifa," aliongeza, kana kwamba neno hilo limemaliza kila kitu.

Niliomba muda, kama wanafalsafa wanavyofanya wakiulizwa jambo la maana. Haya ndiyo niliyomweleza Jumamosi iliyofuata.

Mfano tunao mlangoni. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala nchini Tanzania (KIUT) kiko hapa hapa Gongo la Mboto. Chuo mama, KIU, kilianza Kampala mwaka 2001, na huko Uganda vyuo vikuu vinasimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Lakini kibali cha Uganda hakitoshi kufundishia Dar es Salaam. Hapa mwenye mamlaka ya kukagua na kutoa ithibati ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005.

Kwa nini ukaguzi urudiwe? Kwa sababu jina husafiri kirahisi kuliko maabara. Mtaala unaweza kutumwa kwa baruapepe ukafika ndani ya dakika moja. Wahadhiri, maktaba na hospitali ya kufundishia havisafiri hivyo. Mkaguzi aliyeridhika na vilivyoko Kampala hajaona vilivyoko Gongo la Mboto, na mwanafunzi anasomea huku. Mwalimu wetu wa mantiki angesema tunachanganya jina na kitu.

Kuna kosa jingine ambalo naliona hata kwa wasomi. Mtu anauliza kama chuo kimesajiliwa, akiambiwa ndiyo, anaishia hapo. TCU inaidhinisha pia kila programu peke yake. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, na kozi unayoitaka ikawa bado haijaidhinishwa. Ndiyo maana kitabu cha mwongozo wa udahili kinataja chuo pamoja na kozi zake. Mzazi na akisome mwenyewe, asisomewe na mtu anayetafuta wateja.

Wala jina la mtakatifu si kinga, tuseme ukweli hata kama ni wa nyumbani kwetu. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu Tanzania kilianzishwa na shirika la kitawa lenye asili ya India. Mwaka 2016 TCU ilifuta kibali cha kampasi yake ya Songea, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Naamini Tume ilifanya kazi yake. Nia njema ya mwanzilishi haihesabiwi kama vifaa vya maabara.

Mei 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki, wakikutana hapa Dar es Salaam, walitangaza eneo letu kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki linaratibu vigezo vya pamoja. Hilo linarahisisha kulinganisha shahada ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Halijaondoa kazi ya TCU.

Sasa, binti wa mama yetu haendi Kampala, anakwenda mbali zaidi, ambako TCU haiwezi kwenda kuhesabu viti vya darasani. Kwa hiyo ulinzi wake unaanzia hapa, kabla ya kulipa. TCU inasajili mawakala wa kupeleka wanafunzi nje, kwa hiyo namba ya usajili ya wakala ni jambo la kuuliza siku ya kwanza. TCU hiyo hiyo hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi, ambacho wengi wanakiita NOC, kwa anayekwenda kusoma nje. Akirudi, ataipeleka shahada yake TCU ili itambuliwe. Na kwa kuwa ni udaktari, atakutana pia na Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kuruhusiwa kumtibu mtu. Kugundua tatizo katika hatua hizi za mwisho ni kuchelewa miaka mitano au sita, na kiwanja kimeshakwenda.

Mama alinisikiliza, kisha akauliza: "Na hiyo ya kwako, Frateri, nani ameikagua?"

Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Seminari nyingi za Afrika zimefungamana na vyuo vikuu vya Kipapa vya Roma, kama Urbaniana. Chuo cha Roma ndicho kinachotoa shahada, mwanafunzi akiwa hajavuka hata mto Ruvu. Nasi pia tunasomea shahada zilizovuka mpaka. Papa Benedikto XVI aliunda AVEPRO mwaka 2007, chombo cha Kiti Kitakatifu cha kutathmini ubora wa vyuo vya kikanisa, kwa hiyo hata Roma inakaguliwa. Na mseminari akiacha wito akaomba kazi serikalini, atapanga foleni TCU kama wengine.

Jumapili iliyopita nilimwona binti nje ya kanisa. Wakala ameahidi kuleta namba yake ya usajili wiki ijayo. Kiwanja bado hakijauzwa.